Ndege ya watu 70 iliyowekewa viti 50: CRJ-550 kutoka Des Moines hadi Chicago

Kwa mwenye haraka: ukitafuta tiketi ya kampuni ya United ya Des Moines kwenda Chicago, uwanja wa O'Hare, ukaona aina ya ndege imeandikwa CRJ-550, kata bila kusita. Katika ndege ndogo zote nilizopanda Marekani sijaona inayomjali abiria kama hii. Mwenye nafasi akae nimweleze zaidi, kwa sababu uzuri wa ndege hii una asili yake, na asili hiyo ni ugomvi wa marubani kwa marubani uliochukua miaka mingi na kuumiza watu wengi. Sioni namna ya kuisifu ndege nikawanyamazia wanaoirusha.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Des Moines, Iowa, na kazi yangu ni kuendesha gari la hoteli, lile linalopeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Abiria wangu wengi wa usiku ni marubani na wahudumu wa ndege za masafa mafupi. Wanafika saa tano usiku, na saa kumi alfajiri nawarudisha kwenye ndege ya kwanza. Mtu aliyeshinda kazini mchana kutwa akikaa nyuma ya dereva asiyemjua, husema yaliyomjaa moyoni. Mengi ninayoyajua kuhusu kampuni hizi niliyasikia humo garini, kisha nikayafuatilia mwenyewe kwa kusoma.

Safari hii nilikuwa nakwenda Columbus, Ohio, kwenye arusi ya mpwa wangu, nikibadilisha ndege Chicago. Ningeweza kuendesha gari mpaka Chicago, ni saa tano na ushei kwa barabara ya I-80, lakini ilikuwa Januari, na Januari huku barabara hiyo haina ahadi. Begi langu la magurudumu lilikuwa na kanzu mpya, koti, na doti za khanga ambazo dada yangu aliniagiza nisizitoe machoni hata dakika moja.

Aliyezoea ndege za zamani za viti 50, CRJ-200 au ERJ-145, anaujua mtihani wa begi. Kabati la juu halipokei begi la magurudumu. Unapokonywa mlangoni, linafungwa kikaratasi, linakwenda kukaa chini tumboni mwa ndege. Mkifika, mnapangana ukutani kwenye daraja la kupandia mkisubiri mabegi yapandishwe moja moja, baridi ya Chicago inapenya kwenye maungio ya daraja, na mwenye ndege ya kuunganisha anatazama saa yake kila mara. Ndani ya CRJ-200 mtu mrefu anainama kutazama nje, kwa sababu dirisha liko usawa wa bega.

CRJ-550 haina hayo. Ukiingia tu, kabla hujafika kwenye viti, unakuta kabati kubwa la kusimama lenye rafu. Yako manne kama hayo ndani ya ndege. Mhudumu alinionyesha rafu ya katikati, nikalisimamisha begi kwa ubavu, magurudumu yakiangalia ndani, likakaa kama limepimwa. Nyuma yangu akaingia kijana mwenye gitaa ndani ya mfuko wake mgumu, nalo likapata pa kusimama. Hakuna aliyefungiwa kikaratasi. Khanga za dada yangu nilizifikia kwa hatua chache, na Chicago nilitoka moja kwa moja nikaelekea geti la Columbus.

Viti viko 50: 10 vya daraja la kwanza, 20 vyenye nafasi ya miguu ya ziada, na 20 vya kawaida. Mbele, upande mmoja wa njia kuna kiti kimoja kimoja na upande wa pili viwili viwili. Nyuma ni viwili kwa viwili. Mimi nililipia nafasi ya miguu, na kwa mtu wa kimo changu ilistahili kila senti. Mwili wa ndege ni ule ule wa CRJ-700, ndege ambayo kwa kawaida hubeba watu 70 hivi. Waling'oa viti vipatavyo 20 wakaweka makabati na hewa.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Mfanyabiashara hang'oi viti 20 vya kuuza kila siku, safari baada ya safari, ili mimi ninyooshe miguu. Kuna kilichomlazimisha.

Kilichomlazimisha ni mkataba wa marubani wa United yenyewe, wale wa ndege kubwa. Marubani hao wako kwenye chama kinachoitwa ALPA, na mkataba wao una kifungu kinachoweka mpaka wa kazi ambayo kampuni kubwa inaweza kuwapa watu wa nje. Kampuni ndogo zinazobeba jina la United Express haziruhusiwi kurusha ndege yenye zaidi ya viti 76 wala yenye uzito wa kuruka unaozidi pauni 86,000, na hata hizo za viti 70 na 76 idadi yake imewekewa kikomo. Za viti 50 zinahesabiwa kivyake. Basi kikomo kilipobana, United ilichukua mwili wa CRJ-700, ikaweka viti 50, uzito wake unaoruhusiwa ukashushwa rasmi hadi pauni 65,000, na kwa mujibu wa mkataba ikawa ndege ya viti 50. Ilitangazwa Februari 2019, ikaanza kazi mwaka huo huo, na kampuni ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa GoJet ya St. Louis, Missouri.

Siwalaumu marubani wa United kwa kifungu hicho. Miaka ya 1990 zilipoingia ndege ndogo za jeti, kampuni kubwa ziliona zinaweza kuchukua njia zao, zikazigawa kwa kampuni ndogo zenye marubani wa mishahara ya chini, na abiria asijue kitu kwa sababu rangi ya mkia ni ile ile. Mfanyakazi yeyote angeweka kizuizi mlangoni. Tatizo ni kwamba kizuizi kilichowekwa na rubani mmoja kilimwangukia rubani mwingine mguuni, na huyo wa pili hakuwepo mezani mkataba ulipoandikwa.

Na GoJet ndiyo mfano wenyewe. Palikuwa na kampuni ya St. Louis inayoitwa Trans States, iliyorushia kampuni kubwa zaidi ya moja, American ikiwemo. Marubani wa American wana chama chao, APA, na mkataba wao nao ulikuwa na mpaka: kampuni inayorushia American ndege ndogo isiguse jeti kubwa zaidi ya viti 50, hata kama jeti hizo ni kwa ajili ya kampuni nyingine. Trans States ilitaka kurushia United ndege za viti zaidi ya hivyo. Wenye mali wakauzunguka mpaka huo. Walianzisha kampuni nyingine pembeni, yenye cheti chake cha kurusha ndege, jina lake na marubani wake. Hiyo ndiyo GoJet. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2005.

Marubani wa Trans States walikuwa ALPA. Waliitazama ile kampuni mpya ya mwajiri wao, yenye ndege kubwa na bora kuliko zao, wakasema ndege zile ni kazi yetu, na anayezirusha awe kwenye orodha yetu. Haikuwa hivyo. Walioajiriwa GoJet waliwekwa kwenye orodha yao wenyewe, wakaingia chama kingine, Teamsters, kile cha madereva wa malori.

Hapa lazima nisimame kwenye hii orodha, maana bila kuielewa ugomvi wote utaonekana wa kitoto. Rubani wa Marekani maisha yake yote yako kwenye tarehe aliyoajiriwa. Wao husema sinyoriti. Nani anakuwa kapteni, nani anarusha ndege ipi, nani analala nyumbani sikukuu na nani analala kwenye hoteli yetu ya Des Moines, nani anapunguzwa kazi kwanza, vyote vinafuata namba yako kwenye orodha. Na namba hiyo haihamishiki. Ukiwa kapteni wa miaka 20 kampuni ikafa, kesho unaanza kwa wengine ukiwa wa mwisho, chini ya mtoto aliyeajiriwa jana. Kwa hiyo mwenye mali akifungua kampuni ya pili yenye orodha ya pili, amekuondolea ngazi uliyokuwa unaipanda bila kukufukuza kazi wala kugusa mshahara wako hata dola moja.

Hasira ya marubani wa Trans States naielewa kabisa. Nisichokielewa ni ilikoelekezwa. Wapo waliowaita wale wa GoJet wavunja mgomo, ingawa hapakuwa na mgomo. Na likaja suala la kile kiti cha ziada cha chumba cha rubani. Marubani wengi wa huku wanaishi mji mmoja na kuanzia kazi mji mwingine. Wanakwenda kazini na kurudi kwa kuombana kile kiti, bure, kampuni yoyote, na mwenye kauli ya mwisho ni kapteni wa ndege hiyo. Kwa miaka mingi wapo makapteni, hata wa kampuni nyingine zisizohusika, waliowakatalia marubani wa GoJet kiti hicho. Kwa msomaji asiye wa kazi hiyo inaweza kuonekana ni kunyimana lifti tu. Kwa rubani mwenye watoto Denver anayemaliza zamu St. Louis usiku wa Ijumaa, ni kuamua kama atawaona watoto wiki hiyo.

Mambo ya namna hiyo nimeyaona kwa macho yangu, japo kwa kampuni nyingine ambazo sitazitaja. Nchi hii imekuwa na wenye mali kadhaa waliomiliki kampuni mbili au tatu kwa pamoja. Usiku mmoja wa theluji nilifika uwanjani nikakuta makundi mawili yananisubiri, ya kampuni mbili za tajiri mmoja. Gari lilikuwa na nafasi ya wote. Kapteni wa kundi la kwanza, mtu mzima wa mvi, aliwatazama wale wengine, akatazama beji zao, akarudisha begi lake kando ya ukuta. Akaniambia kwa adabu, "Nenda nao, nitasubiri safari ya pili." Nikamwambia safari ya pili ni dakika 40, na nje ni baridi ya kuua. Akasema anajua. Rubani msaidizi wake, binti mdogo, alibaki naye. Sijui kwa hiari au kwa woga.

Niliowapakia hawakusema neno mpaka tulipotoka kwenye taa za uwanja. Kisha kijana aliyekaa nyuma yangu akasema, "Kampuni yetu ilipoanzishwa nilikuwa darasa la saba." Hakuwa ananiambia mimi hasa. Nilipogeuza gari kurudi kumchukua yule mzee, nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa ajili ya wote wawili. Mzee alikuwa ameibiwa kitu cha kweli. Kijana hakuwa mwizi. Mwizi, kama tutamwita hivyo, alikuwa amelala nyumbani kwake kwenye joto.

Wasomaji wa Kenya wanaukumbuka mgomo wa Novemba 2022, marubani wa chama cha KALPA waliposusia ndege za Kenya Airways na mahakama ikawaamuru warudi kazini. Ule ulikuwa ugomvi wa kawaida wa kazi: wafanyakazi upande huu, mwajiri upande ule, kila mtu anajua adui wake na anajua wa kupatana naye. Huku kwenye kampuni ndogo za Marekani pande hazikai hivyo. Hata kugoma kwenyewe ni shida, kwa sababu sheria inayowahusu ilitungwa 1926 kwa ajili ya reli na ndege zikaongezwa 1936: mkataba hauishi, unaendelea tu kutumika mpaka mpatane, na bila bodi ya taifa ya upatanishi kuwaachia hamuwezi kugoma. Comair, kampuni iliyorushia Delta huko Cincinnati, waligoma siku 89 mwaka 2001, wakapata nyongeza. Kampuni ikafungwa 2012, na marubani wake wakaenda kuanza chini kwenye orodha za watu wengine. Mwaka ule ule wa mgomo, marubani wa Comair na wa Atlantic Southeast, kampuni nyingine ndogo iliyorushia Delta, walikuwa wameunda kikundi na kuishtaki ALPA, chama chao wenyewe, kwamba kinachukua michango yao kisha kinasaini mikataba ya marubani wa Delta inayowabana wao. Fikiria hilo: chama kimoja, pande mbili za meza.

Kuna pia namna nyingine ya kuwagawa, isiyohitaji hata kampuni mpya. American inamiliki kampuni tatu ndogo: Envoy, PSA na Piedmont. Mwaka 2013 ndege mpya zilikuwa zinatafuta pa kwenda. Marubani wa PSA walikubali mkataba wenye makato, wakapewa CRJ-900. Wenzao wa Envoy, wakati huo bado ikiitwa American Eagle, walikataa. Machi 2014 walipiga kura wakaukataa mkataba wa makato kwa wingi mkubwa, na wakaambiwa wazi kwamba ndege zitakwenda kwa wengine. Baadaye walikubali mwingine, ndege za Embraer 175 zikaja. ALPA wako kote kuwili. Ninaposikia watu wakisema marubani wa PSA waliwauza wenzao nashindwa kuwaunga mkono. Mwenye familia aliyeambiwa "saini au ndege ziende kwa ndugu yako" yuko kwenye hali ngumu kuliko sisi tunaomhukumu.

Hali ililegea kuanzia 2022. Marubani walipungua kwa kasi baada ya korona, kampuni kubwa zikawa zinawanyakua wa ndogo, na ghafla zile zile kampuni tatu za American zikatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza. Garini kwangu mazungumzo yalibadilika. Watu walianza kuzungumzia nyumba.

Lakini kwa Trans States ilikuwa imechelewa. Ilifungwa Aprili 2020. Compass, kampuni nyingine ya wenye mali wale wale wa Trans States na GoJet, yenye marubani wa ALPA, ilifungwa mwezi huo huo. Katika ndugu watatu aliyebaki ni GoJet peke yake, na aliingia kwenye miezi ile mibaya akiwa na mkataba wa hizi CRJ-550.

Narudi ndani ya ndege. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, mtu wa Uvira, Kongo, ambaye tulitambuana kwa kitenge chake na kwa mimi kumjibu mtoto wake Kiswahili alipoomba kupita. Alikuwa anaisoma ile kadi ya usalama kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiisoma. Akanigeukia.

"Baba, mimi nilikata tiketi ya United. Mbona hapa wameandika jina ingine?"

Nikamwambia, "Mama, rangi ni ya United na tiketi ni ya United. Wanaoirusha ni hawa GoJet."

"Sasa ikitokea neno, nitamulilia nani?"

Swali hilo liliwahi kuulizwa na familia nyingi kwa uchungu. Februari 12, 2009, ndege iliyouzwa kwa jina la Continental ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Walioirusha walikuwa kampuni ndogo, Colgan. Uchunguzi ulionyesha kapteni alijibu vibaya ndege ilipoanza kupoteza mwendo, na ukafunua pia maisha ya marubani hao: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa Seattle hadi Newark, akipanda ndege za mizigo, ndipo aanze zamu. Familia za waliokufa hazikunyamaza. Sheria ya 2010 ililazimisha muuza tiketi mtandaoni aonyeshe tangu ukurasa wa kwanza ni kampuni gani hasa inarusha, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria anatakiwa kuwa na saa 1,500 angani, isipokuwa wachache wenye mafunzo maalumu. Kale kamstari kadogo chini ya bei kanakosema ndege inaendeshwa na nani kalilipiwa na familia hizo.

Nilimweleza mama kwa ufupi, bila kumtisha. Akaitikia kwa kichwa, akairudisha kadi mfukoni mwa kiti, akamfunga mtoto mkanda upya.

Kasoro ya ndege hii ni moja na ni ya kweli. Sheria ya Marekani inataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo CRJ-550 yenye daraja la kwanza na makabati manne inaweza kuruka na mhudumu mmoja tu, na yetu ilikuwa hivyo. Ndiyo maana mbele kuna meza ndogo ya vinywaji na vitafunio ambako abiria wa daraja la kwanza wanajihudumia wenyewe. Ni jambo zuri kwa anayependa kunyanyuka; niliona bwana mmoja akijaza mkono pakiti za chipsi. Lakini yule dada alipanga mabegi, akaonyesha mikanda, akamtuliza mtoto aliyelia, akasimama mlangoni kuaga, yote peke yake, kwa safari ya saa moja na robo, na ndege ikigeuza anaanza tena. Aliyebuni viti 50 vyenye nafasi angeweza kumwongezea mtu wa pili. Hata karatasi ya mkataba haikumzuia.

Urukaji wenyewe siulalamikii hata kidogo. Upepo ulikuwa wa ubavuni O'Hare, tukayumba kidogo juu ya majengo, kisha magurudumu yakagusa kwa ulaini. Tulipokuwa tunatoka, mlango wa marubani ulikuwa wazi. Kapteni, mtu wa miaka 50 hivi, alikuwa amesimama akiaga, na kwenye kamba ya kitambulisho chake kulikuwa na beji ya vichwa viwili vya farasi juu ya gurudumu, alama ya Teamsters. Kwenye geti la jirani ilikuwa imeegeshwa CRJ-550 nyingine, rangi ile ile, viti vile vile, ya SkyWest ya Utah, kampuni kubwa kuliko zote katika hizi ndogo, ambayo marubani wake hawako Teamsters wala ALPA. Wana umoja wao wa ndani ya kampuni, na ALPA imejaribu zaidi ya mara moja kuwaingiza ikashindwa kwenye kura. Ndege mbili zisizotofautishika, njia zile zile, na wanaozirusha hawana mkataba mmoja, chama kimoja wala orodha moja. Ningetamani wawe na moja. Kwa muda wote nilioendesha gari lile sijasikia rubani, wa upande wowote, aliyenieleza faida aliyoipata kwa kutengwa na mwenzake.

Nilimpa mkono yule kapteni nikamshukuru. Nilitaka kumuuliza kama siku hizi wanampa kile kiti akienda nyumbani. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana kuwahi ndege zao, nikapita.

Mambo ya kuzingatia kwa anayekata tiketi. Ndege za asubuhi na jioni za kwenda O'Hare si zote ni CRJ-550. Fungua maelezo ya safari uone aina ya ndege na jina la mwendeshaji, kisha uangalie tena siku moja kabla, kwa sababu hubadilishwa. Ukiwa na uwezo wa daraja la kwanza chukua kiti cha peke yake upande wa kushoto, huna wa kumpisha. Usipokuwa nao, lipia nafasi ya miguu. Begi la magurudumu usikubali litiwe kikaratasi getini kwa mazoea. Mwambie mhudumu wa geti kwa upole kwamba ndege hii ina makabati.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya mhudumu wa pili, siku watakapomweka.